Mama anataka kuiona Ngazidja: twende mwezi gani?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaikum. Nakuandikia kwa sababu jambo ambalo lilipaswa kuwa la furaha nyumbani kwetu limegeuka kuwa mabishano ya kila jioni, na kila anayetia neno analiharibu zaidi.

Mama yangu ana umri wa miaka 71. Baba yake alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Mitsamiouli, kaskazini mwa kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, akahamia Unguja akiwa kijana, na hadi anafariki dunia hakujaliwa kurudi kwao. Mama amekua akitajiwa jamaa asiowajua kwa sura na mitaa ambayo hajawahi kuikanyaga. Sasa nimepata akiba ya kutosha kumpeleka Komoro kwa muda wa wiki mbili hivi, yeye, mimi na mwanangu wa kiume mwenye miaka 11. Fedha ipo na hati za kusafiria zipo. Kinachotushinda ni kuchagua wakati.

Binamu ya mama, ambaye ndiye tutakayefikia kwake, anasisitiza twende Agosti kwa sababu mwanawe anayeishi Marseille atafanya harusi yake kubwa, ile wanayoiita ndola nkuu, na anaona itakuwa aibu jamaa wa Dar es Salaam wasionekane. Wakala wa tiketi ameniambia kwamba nauli za Januari na Februari ni nafuu zaidi. Jirani yetu, ambaye kila Januari huenda Unguja kupumzika, anamuunga mkono, akisema kuwa huo ndio wakati bahari inapotulia na jua linapowaka, na kwamba visiwa vyote tabia yake ni moja. Mume wangu, ambaye hatasafiri nasi, anapendekeza Desemba ili mtoto asikose masomo, maana yuko darasa la tano na likizo zake ndefu ni za Juni na Desemba. Mtoto naye shuleni wamesoma habari za nyangumi na kasa, na ameniapisha kwamba atawaona wote.

Mama mwenyewe hasemi mengi. Anasema tu kwamba joto la Februari linamchosha hata akiwa hapa hapa nyumbani, kwamba magoti yanamsumbua, na kwamba boti hapandi tena, kwa kuwa hata safari fupi ya Unguja humtapisha. Isitoshe, ana shinikizo la damu. Ofisini natakiwa kujaza fomu ya likizo kabla ya mwisho wa mwezi huu. Naomba unielekeze: ni msimu upi ulio mzuri kwenda Komoro, na je, tutakuwa tumekosa adabu tukiikosa harusi hiyo?

Mjukuu wa Mngazija,
Dar es Salaam

JIBU

Ndugu yangu Mjukuu wa Mngazija,

Wa alaikum salaam. Nendeni Juni. Jaza fomu yako kuanzia wiki ya pili ya mwezi huo, mkae siku zenu kumi na nne, na muwe mmesharudi kabla Julai haijashika kasi. Sasa naomba nikueleze kwa nini, maana hao wanaokushauri hawakosei katika yale wanayoyajua. Wanakosea kwa kuyapeleka mahali pengine.

Nianze na jirani yako. Anayosema kuhusu Januari ni kweli tupu kwa Unguja. Vuli inakuwa imekwisha, masika hayajaingia, upepo wa kaskazi unavuma kwa upole na maji yanakuwa maangavu. Lakini Moroni, mji mkuu wa Komoro, iko karibu kilomita 700 kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, na umbali huo, ambao ndege huuvuka kwa muda wa saa moja na kitu, unatosha kubadilisha kabisa hesabu ya mvua. Pwani yetu ina misimu miwili ya mvua kwa sababu ule ukanda wa mawingu, ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hupita juu yetu mara mbili, ukishuka kulifuata jua na ukirudi. Komoro, ambayo iko kati ya nyuzi 11 na 13 kusini mwa ikweta, iko karibu na mwisho wa safari ya ukanda huo. Ukifika huko hutulia kwa miezi kadhaa, na kwa hiyo wao wana msimu mmoja mrefu wa mvua na joto, kuanzia Novemba hadi Aprili, huku Januari ikiwa ndiyo kilele chake. Kaskazi lile lile linalomletea jirani yako anga safi huko Nungwi ndilo linalowamwagia Wangazija mvua. Moroni hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya zile tunazozipata Dar es Salaam, na sehemu kubwa huanguka katika miezi hiyo ambayo wakala wako anaiuza kwa bei nafuu. Nafuu hiyo ina sababu yake, na mtu mwenye shinikizo la damu na magoti mabovu hapaswi kuilipia kwa afya yake.

Kwa miaka hii pia, Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, ingawa kila mwaka husogea nyuma kwa siku kama kumi na moja. Kufunga pamoja na jamaa ni baraka kubwa, na kwa familia nyingine huo ungekuwa ndio msimu wenyewe, lakini kwa mgeni wa mara ya kwanza anayetaka kutembezwa kutoka mji mmoja hadi mwingine mchana kutwa, naona si wakati wake.

Pendekezo la mume wako ningelipa uzito zaidi, kwa kuwa linamfikiria mtoto, kama si suala la vimbunga. Katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi vimbunga huanza kutarajiwa katikati ya Novemba na huendelea hadi mwisho wa Aprili. Kwa desturi Komoro hunusurika kuliko Madagaska, maana kisiwa hicho kikubwa huwakinga, na vingi hupita kusini zaidi. Hata hivyo tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliivunjavunja Mayotte, kisiwa cha nne cha funguvisiwa hilo hilo ambacho kiko chini ya Ufaransa, na Nzwani, iliyo jirani yake, ilikionja pia. Ukafikiri labda mwisho wa msimu ni salama zaidi, basi kumbuka Kenneth, kilichopita kaskazini kidogo tu ya Ngazidja usiku wa tarehe 24 Aprili 2019, kikaezua mapaa na kuangusha migomba na minazi, kabla ya kwenda kuipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji. Sisemi kwamba kila Desemba ina kimbunga. Miaka mingi hupita kwa amani, na anayekwenda wakati huo hufaidi maembe na lichi. Ninachosema ni kwamba ndege ikiahirishwa kwa siku tano, wewe mwenye likizo ya kuhesabu na mama wa miaka 71 mtaumia zaidi kuliko kijana mwenye begi moja mgongoni.

Tufike sasa kwenye Agosti, ambayo ndiyo ngumu, kwa sababu hapo suala la hewa linaisha na linaanza suala la watu.

Kwa hali ya hewa Agosti haina kasoro. Ni kavu, ina ubaridi kidogo usiku, na joto la mchana halichoshi. Lakini Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Wakomoro wanaoishi Ufaransa hupata likizo zao, na Marseille peke yake ina jamii kubwa sana ya Wakomoro. Wanarudi kwa wingi, wakiwa na masanduku, zawadi na watoto, na kwa kuwa wengi wao wamekusanya fedha kwa miaka kadhaa ili waitimize ada, yaani mila hiyo, harusi kubwa nyingi zinawekwa katika miezi hiyo miwili. Huenda unaijua ndola nkuu kwa kusimuliwa tu, kwa hiyo niiseme kwa ufupi: si ndoa ya siku moja, bali ni mfululizo wa karamu, mikusanyiko ya wanaume na ya wanawake, nyimbo za twarab zinazokwenda hadi usiku mwingi, na utoaji wa dhahabu na nguo mbele ya mji mzima. Mwanamume anayeikamilisha hupanda daraja. Huvaa joho katika shughuli za mji, na neno lake hupata uzito katika baraza la wakubwa. Kwa hiyo binamu ya mama yako hakualiki kwenye pilau. Anakualika kwenye tukio ambalo nyumba yake imelingojea, pengine, kwa miaka mingi.

Ndiyo maana sikudharau hoja yake, na kama mama yako angekuwa anawajua jamaa hao tangu utotoni, ningekuambia mkatie Agosti bila kusita. Lakini jiulize atakachokipata. Nyumba itakuwa imejaa, na wenyeji watalala kwa zamu. Binamu huyo, ambaye ndiye anayejua kaburi la nani liko wapi na nyumba ya baba yake mama ilikuwa upande gani wa msikiti, hatakuwa na nusu saa ya kukaa naye. Atakuwa anahesabu mbuzi na kupokea wageni. Mama ataketishwa mahali pa heshima, atapewa marashi, atatambulishwa kwa wanawake mia moja kwa usiku mmoja, na kesho yake hatamkumbuka hata mmoja kwa jina. Mwanao atakuwa darasani Dar es Salaam, au atakuwa amekosa masomo. Nauli zitakuwa juu, kwa sababu viti vya kwenda Moroni vitakuwa vinagombewa na watu waliovilipia tangu Machi.

Kuna na jambo la maji, ambalo wakala wa tiketi hawezi kukutajia. Ngazidja haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Sehemu kubwa ya kisiwa imejengwa na mlima Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361, na mwamba wake una vitundu vingi kiasi kwamba mvua yote hiyo niliyoieleza huzama ardhini mara inapoanguka. Vijijini watu hukinga maji ya paa na kuyahifadhi katika matangi ya saruji yaliyojengwa kando ya nyumba. Mwaka 2005 Karthala ulipolipuka, majivu yaliingia katika matangi hayo na watu wengi wakakosa maji ya kunywa wakati mvua zilikuwa zimepita juu ya vichwa vyao. Mnapofika Juni, matangi bado yana akiba ya msimu uliotangulia. Kufikia mwishoni mwa Agosti, nyumba yenye harusi na wageni thelathini huwa inakwangua chini kwa kopo au imeanza kununua maji ya lori. Mwenyeji wenu hatawaambia. Atawapa ndoo iliyojaa na yeye mwenyewe ataoga kwa kata mbili.

Juni, basi, si mwezi usio na dosari, na nisingependa ukafika ukanilaumu. Kusi linakuwa limeshaanza kuvuma kwa nguvu. Wazee wetu walilitumia kusi hilo kuja huku. Majahazi ya Ngazidja yalipandisha nalo hadi Unguja na kungoja kaskazi liwarudishe, kwa hiyo yawezekana sana kwamba babu yako naye aliondoka kwao katika miezi kama hiyo. Kwa msafiri wa leo maana yake ni kwamba pwani za mashariki na kusini zinachafuka, wakati upande wa magharibi, ilipo Moroni, umekingwa na mlima. Bahati yenu ni kwamba Mitsamiouli iko kaskazini, na fukwe zake ni miongoni mwa zilizo nzuri kisiwani. Msitegemee ukavu kama wa Dodoma. Mawingu hujikusanya kwenye Karthala hata katika kiangazi, na Moroni inaweza kulowa mchana wakati upande mwingine wa kisiwa jua linawaka. Mvua hizo kwa kawaida hupita. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, jambo ambalo mama atalishukuru, ila abebe sweta na soksi kwa ajili ya magoti yake. Chandarua mkitumie, kwani malaria ipo.

Nije kwa kijana. Kasa atawaona. Kijiji cha Itsamia, upande wa mashariki wa kisiwa cha Mwali, kinajulikana kwa ufukwe ambao kasa hupanda kutaga mayai katika miezi yote ya mwaka, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda na kuwaongoza wageni. Hufanyika usiku. Mnakaa kimya mchangani, bila tochi nyeupe, hadi kiongozi atakapowaita. Halafu mnamkuta kasa amekwishachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, anapumua kwa kishindo, na mayai meupe ya mviringo yanadondoka mawili mawili. Mtoto wa miaka 11 aonywe mapema kwamba huenda akangoja hadi usiku wa manane na kwamba hamshiki mnyama. Kuhusu nyangumi, mwambie ukweli kabla hamjaondoka. Nyangumi wa nundu hutoka katika bahari za baridi za kusini na kufika Komoro kuzaa na kupandana, kuanzia Julai hadi Oktoba. Juni mnaweza kuwakosa, na mkimwona mmoja aliyetangulia ichukuliwe kuwa ni zawadi. Ahadi ya wanyama wote ulitoa kwa wepesi, na ni afadhali uipunguze mkiwa bado nyumbani.

Mwali yenyewe isimhusishe mama. Watu huvuka kwa boti ndogo kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazidja, hadi Hoani, na katika kusi mkondo huo hauna huruma. Mtu anayetapika akienda Unguja asipelekwe huko kwa kubembelezwa. Mwacheni kwa jamaa zake siku tatu. Wewe na mtoto mwende kwa ndege ndogo ya ndani, na muiweke safari hiyo katika wiki ya kwanza, si siku mbili kabla ya kurudi nyumbani, maana ratiba za ndege hizo hubadilika na msingependa kubaki Fomboni, mji mkuu wa Mwali, huku ndege ya Dar es Salaam inaruka. Nadhani hizo siku tatu ambazo mama atakuwa peke yake na watu wa baba yake, bila wewe kumkatiza au kumtafsiria, ndizo atakazozisimulia zaidi.

Nikuongezee neno moja la fedha: chukueni euro za noti, kwani faranga ya Komoro imefungamanishwa na euro kwa kiwango kisichobadilika, takriban faranga 492 kwa euro moja, na kadi za benki hazipokelewi katika sehemu nyingi.

Kama ungekuwa huna mtoto wa shule, jibu langu lingekuwa tofauti. Ningekutuma katika nusu ya pili ya Septemba au mapema Oktoba, wakati kusi linalegea, wageni wa Ufaransa wamerudi kwao, nyangumi bado wapo na mvua haijaanza. Wasomaji wengine wanaopanga safari kama hii bila kufungwa na kalenda ya shule wauchukue ushauri huo badala ya huu wa kwako.

Sasa harusi. Kuikosa si utovu wa adabu ikiwa mtatoa udhuru mapema na kwa njia inayostahili. Kukaa kimya hadi Julai kisha kutuma ujumbe kwamba likizo haikupatikana, hilo ndilo litakalowaudhi, kwa sababu binamu atakuwa amekwishawahesabu katika vyumba na vyakula. Usipige simu wewe. Mama mwenyewe ndiye apige, kwa kuwa yeye ndiye mwenye udugu na ndiye mwenye umri, amweleze binamu yake kwamba afya haimruhusu kukesha katika mikusanyiko mikubwa, na kwamba anakuja Juni ili waonane kwa nafasi. Hapo hapo amuulize ni mchango gani ambao jamaa wa upande wao wanatarajiwa kuutoa katika ada, fedha au nguo, na mfike nao mkononi miezi miwili kabla ya shughuli, wakati ambapo mwenye harusi anauhitaji zaidi kuliko siku ya harusi yenyewe. Na ikiwa wewe utakuwa umebakiza siku chache za likizo na nauli ya mtu mmoja, unaweza kurudi peke yako Agosti kwa siku tatu au nne, ukae upande wa wanawake kwa niaba ya mama yako. Hilo halilazimiki, lakini usimfiche binamu kwamba umelifikiria.